Pimeni Kabla ya Kufumua

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo cha VETA Dakawa
Nakala: mafundi, madereva na wenye magari wote wa barabara ya Morogoro–Dodoma

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: INJINI ZINAZOFUMULIWA BILA KUPIMWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Nimeanza hivyo ili karani wa masijala asipate sababu ya kuirudisha. Yaliyobaki nitayasema kwa lugha ya sokoni.)

Mimi ni mnunuzi wa mpunga hapa Dakawa. Nina Fuso inayopeleka mchele Morogoro na Dar es Salaam, na msimu wa mavuno nasimama kwenye tuta kama wengine kungoja kombaini. Kazi hii inaniweka karibu na injini, na karibu zaidi na watu wanaozifungua. Kuna jambo linalotugharimu kuliko ushuru wa mazao na kuliko bei ya dizeli, wala halisemwi kwenye mkutano wowote: injini zetu hazipimwi. Zinasikilizwa kidogo, zinatajiwa ugonjwa, zinafumuliwa.

Utaratibu ni huu. Lori linakata nguvu likishavuka daraja la Wami. Dereva anapiga simu, fundi anafika kwa bodaboda, kiroba cha spana begani. Anaagiza ipigwe resi, anainama, anasikiliza, anatamka: "Hii gasketi." Jua halijasogea, silinda hedi iko chini juu ya turubai na vumbi la barabara linatua ndani ya silinda. Ikionekana si gasketi, ni nozeli. Ikiwa si nozeli, ni pampu. Mwenye gari ananunua kila kinachotajwa. Mwisho wa yote inagundulika kuwa chujio la dizeli lilijaa maji, kitu ambacho utingo angekimwaga kwa kulegeza kijikoki kimoja huku maji ya chai yakichemka. Lakini hedi imeshafunguliwa, na hedi iliyofunguliwa barabarani hairudi kama ilivyotoka kiwandani.

Wenye magari tunapenda kusema kosa ni la mafundi. Si kweli, au ni kweli nusu. Mafundi wa gereji bubu ndio wanaoibeba barabara hii. Lori la transiti la kwenda Rwanda au Kongo likilala Magole saa nane usiku, hakuna wakala wa kampuni atakayefika. Atafika kijana mwenye tochi ya simu mdomoni. Tatizo ni namna tunavyomlipa. Fundi akitumia saa nzima kupima, kisha akasema injini yako nzima, badilisha tu chujio, tunampa elfu tano na kumwona tapeli. Akiishusha injini chini siku mbili, akaipangua, akaipanga, tunamlipa laki na zaidi bila kunung'unika, kwa kuwa tumeliona jasho. Tunalipia kufungua. Hatulipii kufikiri. Katika soko la namna hiyo fundi mwaminifu analala njaa, na sisi ndio tuliolipanga soko hilo.

Kwa hiyo sehemu ya barua hii nawaelekezea wenzangu wenye nakala, kabla sijarudi kwako, Mkuu.

Ndugu zangu, injini haifi ghafla ila mara chache sana. Kabla ya kunoki huwa imesema kwa wiki, pengine kwa miezi, na moshi wake ni lugha rahisi kuliko zote. Moshi mweusi kwenye gari la dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: anza na chujio la hewa, ndipo uwaze nozeli, tabo na pampu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ila hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Gari likilala usiku, asubuhi ukaliwasha likatoa moshi wa bluu kisha ukakata, shuku kwanza sili za vali: oili ilichuruzika usiku ikaingia chemba. Likitoa moshi wa bluu muda wote na kuzidi linapovuta mzigo, hapo shuku ringi na silinda. Kazi ya kwanza na ya pili hazilingani bei hata kidogo, lakini barabarani zote mbili zinaitwa "ringi zimekwisha." Moshi mweupe nao una aina zake. Ule wa asubuhi ya baridi wenye harufu ya dizeli mbichi ni mafuta ambayo hayajaungua. Ule usiokata hata injini ikipata moto, huku maji yanapungua kwenye rejeta na huoni tone chini ya gari, ni maji yanayoingia ndani. Chomoa kijiti cha oili utazame. Ikiwa oili imegeuka nyeupe na nzito, usiwashe tena.

Halafu taa. Taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka ukiwa safarini, zima injini hapohapo, hata kama mbele kidogo pana kituo. Bila presha ya oili, bering za krenki zinaharibika ndani ya dakika chache. Taa ya njano yenye umbo la injini ni suala jingine: ikitulia, gari linakuomba likapimwe siku za karibuni; ikipepesa, kwa kawaida kuna silinda isiyochoma sawasawa, yaani gari linamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma kisafisha moshi. Hapa kwetu kuna dawa moja kwa taa zote, kuzifunika. Nimeona magari yanauzwa yakiwa yamebandikwa utepe mweusi nyuma ya dashibodi, na mengine yamefutwa kumbukumbu kwa mashine asubuhi ya kuonyeshwa mnunuzi. Dada yake dawa hiyo ni oili nzito. Injini inagonga, muuzaji anamimina namba 40 pamoja na kopo la dawa ya kuongeza uzito, mlio unanyamaza mpaka hati itiwe saini.

Kuhusu kuchemsha nitakaa kidogo, kwa sababu wilaya yetu ya Mvomero ina tambarare hii ya mpunga na ina pia Mgeta, na ukitaka kujua ukweli wa mfumo wa kupoza injini, ipeleke Nyandira kupakia kabichi. Kuanzia Sangasanga barabara inapanda Uluguru kwa gia ndogo, resi kubwa, mwendo mdogo, upepo haba kwenye rejeta. Gari lililokuwa linajificha huku bondeni linaumbuka kule. Na mara nyingi utakuta limeshatolewa thamostati. "Hiyo ni ya nchi za baridi, bosi, toa." Sentensi hii imeua injini nyingi Tanzania kuliko ubovu wa barabara, na nitaieleza kwa sababu waliowahi kuelezwa ni wachache.

Thamostati ni vali ndogo inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi ni nyuzi 80 hadi 90 na kitu za Sentigredi. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa haijaiva. Kwenye magari ya kompyuta, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa na inaendelea kuongeza petroli. Oili haipati joto la kukausha unyevu wake, na silinda zinaliwa polepole. Zaidi ya hapo, ziko injini ambazo thamostati ikifunguka upande mmoja inafunga upande wa pili, njia fupi ya maji kuzunguka ndani. Ukiiondoa, njia hiyo fupi inabaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kamwe, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Mwenyewe anaambiwa sasa ni hedi. Na kweli, baada ya muda inakuwa hedi.

Maji tunayotia nayo ni hayohayo ya mfereji. Kulanti tumeambiwa ni ya barafu, na Mgeta haina barafu, basi haituhusu. Lakini kulanti inazuia kutu na inasogeza mbele kiwango cha kuchemka. Tope la mfereji linafanya kinyume cha yote mawili. Na gari likishachemsha, lile tendo la ushujaa la kufungua mfuniko wa rejeta kwa tambara na kumwagia maji baridi, tuliache. Mfuniko unashikilia presha. Ukifungua, maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni kwako. Na hedi ya aluminiamu ikimwagiwa baridi ingali moto inapinda au kupasuka. Simama, zima, ngoja mpaka mkono ukae juu ya bomba la rejeta bila kuruka. Abiria watalalamika. Walalamike.

Kwa upande wa shambani ni vumbi na pumba. Kombaini ikivuna mpunga mkavu inajizungushia wingu, na makapi yanajibandika kwenye rejeta hadi hewa inakosa pa kupita. Opereta anayelipwa kwa ekari hana hamu ya kusimama kuisafisha. Chujio la hewa linapigwapigwa kwenye tairi ili "lipumue", karatasi inachanika, na kuanzia saa hiyo injini inavuta vumbi la Dakawa moja kwa moja. Pawatila zilikuwa somo tosha. Baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009 zilisambazwa wilaya kwa wilaya, na nyingi ziliishia kulala nyuma ya ofisi za vijiji na chini ya miembe kwa kukosa spea na mtu wa kuzitunza. Injini za silinda moja, ambazo nyingi hupozwa kwa maji yanayochemka waziwazi kwenye kihori na yanayotakiwa tu kuongezwa! Hatukushindwa na teknolojia ngumu pale.

Mafuta nayapitia haraka, kwa kuwa serikali ilishalishika jambo la uchakachuaji: vinasaba vilianza kuwekwa mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka 2011 ili kusiwe na faida ya kuyachanganya na dizeli. Ila mafuta ya vidumu ya kando ya barabara bado yapo, na bei yake ndogo tunailipa baadaye kwenye pampu na nozeli, ambazo hulainishwa na dizeli hiyohiyo.

Sasa nirudi kwako, Mkuu.

Matengenezo ya kitaalamu, nijuavyo mimi nisiye fundi, hayaanzi na kaunta ya vioo wala ovaroli safi. Yanaanza na namba. Kompresheni ya kila silinda imesoma ngapi. Presha ya oili ngapi, injini ikiwa ya moto, kwenye silensa na kwenye resi. Rejeta imetiwa presha ya pampu ya mkono, imeishika au imeshuka. Kompyuta imesomwa, na aliyeisoma anajua kuwa mashine hiyo inakuonyesha mtaa tu, nyumba unaitafuta mwenyewe: ikisema hewa ni nyingi kuliko mafuta, si amri ya kununua sensa, huenda ni bomba la hewa lililopasuka. Na ikibidi hedi ifunguke kweli, basi inalazwa rula ya chuma juu yake, inapimwa kwa fila geji kama imepinda, inapelekwa kusawazishwa kwa mashine ikihitajika, na bolti zinafungwa kwa toki renchi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa mkazo ulioandikwa na kiwanda. Kwenye turubai la kando ya barabara bolti zinafungwa kwa nguvu za mkono na kipande cha bomba. Kijana mwenye kifua kipana anazikaza mno, mwenye njaa siku hiyo anazilegeza. Gasketi mpya inaungua tena kabla ya Gairo.

Vifaa vya kupimia nilivyovitaja havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Geji ya kompresheni, geji ya presha ya oili, pampu ya kupimia rejeta, mashine ya kusomea kompyuta, rula na fila geji: vyote vinaenea kwenye sanduku moja. Ila kijana wa gereji bubu hawezi kuvinunua kwa sababu, kama nilivyosema, hatumlipi kwa kupima. Serikali ina TEMESA, wakala wake iliouanzisha mwaka 2005, kwa magari yake yenyewe. Gari la halmashauri likikohoa linajua karakana yake, haraka au polepole. Fuso ya mpunga haina pa kupelekwa.

Ombi langu ndilo hili. Fungueni siku ya kupima. Iwe Jumamosi, angalau katika miezi ya kabla na ya katikati ya mavuno, kwenye karakana yenu au kwenye banda lolote lenye sakafu ya zege, na kama kifaa fulani kiko kwa wenzenu wa VETA Kihonda, kiletwe. Mwenye gari, trekta au pawatila alipe ada iliyobandikwa mlangoni, apewe risiti, na apewe karatasi yenye namba za injini yake. Basi. Msimtengenezee. Karatasi hiyo ataipeleka kwa fundi amtakaye, barabarani au mjini, na fundi huyo ataanza kazi akiwa na ushahidi mkononi. Nasisitiza hili la kutotengeneza. Anayepima akiwa ndiye atakayelipwa kwa kufumua, tumerudi palepale. Isitoshe, mafundi wa barabarani wataona chuo kimekuja kuwanyang'anya riziki, na watakuwa na haki ya kukasirika.

Badala yake waiteni. Wakae na wanafunzi siku hiyohiyo, washike geji, wabishane. Kuna watu pale Dakawa wanaotambua nozeli mbovu kwa kugusa bomba lake kwa ncha ya kidole, na hawana hata kipande cha karatasi kinachosema ni mafundi. VETA ina utaratibu wake wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na ufundi wa magari ni fani ya kwanza kumjia mtu akilini. Wapimwe nao. Mwenye cheti ataweza kudai pesa ya kufikiri, na mimi nitaona aibu kumpa elfu tano.

Halmashauri ya Mvomero nayo ina kipande chake, ingawa barua si yao: eneo la gereji nje ya hifadhi ya barabara. Nchi nzima inaitaja Dakawa kila tarehe 12 Aprili kwa ajili ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefia kwenye barabara hii mwaka 1984. Tangu hapo magari yameongezeka, na zaidi tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma. Treni ya SGR imechukua baadhi ya abiria tangu 2024, lakini mpunga na mizigo mingi ya transiti bado viko juu ya lami. Lori linalotengenezwa usiku bila taa, ulinzi wake ukiwa matawi ya miti yaliyotupwa nyuma, ni hatari kwa kila anayekuja. Na oili chafu inayomwagwa hapo inaingia mfereji, inaingia Wami, inasafiri hadi Saadani.

Nimesikia pingamizi moja kabla hata sijatuma barua: chuo kipo kwa ajili ya wanafunzi, hakipo kwa ajili ya wapita njia. Naomba tukumbuke ardhi hiyo mnayofundishia juu yake imetumikaje. Mwaka 1982, makazi ya wakimbizi ya Mazimbu yalipokuwa yanaelemewa, ANC ya Afrika Kusini ilipewa ardhi hapa Dakawa, na wakimbizi wale wakajenga nyumba, karakana na kituo cha mafunzo ya ufundi, kisha mwaka 1992 wakatuachia vyote wakarudi kwao. Watu waliokuwa njiani ndio waliokijenga. Na mwanafunzi wa ufundi wa magari atajifunza wapi tofauti ya sili za vali na ringi, kama si kwenye injini mbovu za watu halisi? Injini ya kufundishia iliyofungwa kwenye stendi haitoi moshi wa uongo. Za kwetu zinatoa.

Siku ikipangwa, bandikeni tangazo pale stendi na kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima. Habari itafika mashambani yenyewe. Fuso yangu iwekeni mwanzo wa foleni. Asubuhi inatoa moshi wa bluu, ikipata moto unakata, na kila fundi aliyeisikiliza ananiambia tushushe injini. Mimi nadhani ni sili za vali. Nataka nione kompresheni inasoma ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mnunuzi wa mpunga,
Dakawa, Mvomero.